Mashine imegoma na nesi anakuangalia wewe

Barua nyingi za mwezi huu ni za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, na ndio msimu wake, vyuo vinakaribia kufunga na kila mwanafunzi wa vifaa tiba anazunguka na barua ya utambulisho kwenye bahasha ya kaki. Nimechagua nne. Mimi nimekaa kwenye karakana za hospitali miaka kumi na tisa, nimefufua mashine nyingi na nyingine zimenishinda, kwahiyo najibu vilevile ninavyowajibu vijana wanaoletwa kwetu.

*Shikamoo fundi. Nipo mwaka wa pili diploma ya vifaa tiba, chuo kipo Dar ila fildi nimepata hospitali moja ya mkoa. Hii ni wiki ya tatu na sijashika mashine hata moja. Supavaiza ni mtu mzuri ila yuko peke yake, anaitwa huku na kule, akitoka ananiambia nikae karakana nipokee simu. Nafagia, napokea simu, nimepanga maboksi ya speya. Logibuku yangu haina kitu. Mwenzangu yupo hospitali kubwa anatuma picha yuko na CT skani. Naona fildi yangu imepotea. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Morogoro)*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na naona umeshika kitu cha thamani na hujui, hiyo simu. Kila anayepiga hapo anakuambia ugonjwa wa hospitali nzima kwa upande wa mashine. Chukua kaunta buku, piga mistari, andika saa, wodi, mashine gani, na maneno ya mpigaji vilevile alivyoyasema, usiandike "mbovu" tu, andika "inalia halafu inazima", "inanuka kama plastiki inaungua", "haivuti". Supavaiza akirudi muulize amekuta nini na amefanya nini, andika pembeni. Ikifika Ijumaa utaona wodi ileile inapiga kwa tatizo lilelile, na hapo utakuwa na swali la kumuuliza, na fundi aliyechoka akiulizwa swali la maana kesho yake anakwambia beba bisibisi twende, najua hilo maana na mimi nachoka.

Kuhusu mwenzako wa CT skani usiumie roho. Mashine ile ya kupiga picha za ndani ya mwili karibu kila mahali ina mkataba na wakala aliyeiuza, ikigoma anakuja injinia wa kampuni na kompyuta yake, wenyeji wanasimama nyuma yake wanaangalia. Ataona kitu kizuri, ndio, ila mikono yake haitajifunza sana. Wewe hapo una mashine za presha, sakshoni za kuvuta makohozi, mizani ya watoto, otoklevu za kuua vijidudu kwa mvuke, taa za leba, konsentreta zinazochuja oksijeni kutoka kwenye hewa ya chumba, na hivi ndivyo vitu ambavyo mtu anaweza kufa kwa kuvikosa usiku.

Kuna utafiti mmoja nawasomea vijana wote wanaokuja kwetu. Mwaka 2010 Malkin na Keane walichapisha hesabu ya maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali 60 zenye uwezo mdogo kwenye nchi 11. Mashine 1,821 zilirudi kazini bila kuagiza speya nje, yaani asilimia 72 ya zile 2,529 zilizokuwa zimekufa. Zilizotengenezwa zilikuwa na nini? Umeme wa kawaida asilimia 18, mambo ya kimakanika 18, pawa saplai 14, mabomba na mipira 19, mota 5, na robo nzima, asilimia 25, ni ufungaji tu au kumfundisha mtumiaji. Robo, mdogo wangu. Mashine moja kati ya nne ilikuwa inasubiri mtu aje aelewane na nesi.

Nikupe moja ya kwangu. Miaka ya mwanzo niliitwa wodi ya watoto, konsentreta "haitoi hewa". Nikaibeba hadi karakana, nikafungua kila kitu, kompresa nzima, mipira mizima, nikapoteza siku mbili nzima na watoto wakatumia mtungi wa kuazima. Niliporudisha ndio nikaona ilikokuwa inakaa, imesukumwa hadi kwenye ukuta nyuma ya pazia, haina pa kuvutia hewa, na ile sponji ya chujio nyuma imekuwa blanketi la vumbi. Halafu kwenye ile taa ya njano ya kuonya kwamba oksijeni iko chini kulikuwa na kipande cha plasta. Nikamuuliza nesi inchaji, akaniambia kwa upole kabisa, fundi hiyo taa inawaka usiku kucha tukajua ni ya mapambo, ikawa inasumbua watoto kulala. Sikuweza kumlaumu. Mashine ilikuja na kitabu cha Kiingereza kurasa sijui ngapi, kikafungiwa kabatini na mtu wa stoo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa na manesi nusu saa awaambie taa ya njano maana yake nini. Mgonjwa anavalishwa mipira puani, inapuliza, kila mtu anaona hewa inatoka, ila hewa kutoka na oksijeni kuwemo ni vitu viwili tofauti, konsentreta nzima inatoa karibu asilimia 93 na ikishuka chini ya 82 haifai, na huwezi kujua kwa kuchovya mpira kwenye glasi ya maji uone mapovu, unahitaji kipimo chake. Toka siku ile kabla sijashika bisibisi naenda kwanza kusimama pale mashine inapokaa, naangalia soketi, naangalia ukuta, namuuliza anayeitumia anionyeshe anavyoiwasha.

Kwahiyo omba ruhusa kila asubuhi upite wodi mbili tu kabla simu hazijaanza. Usalimie, ujitambulishe, uulize kipi kinawasumbua. Sakshoni haivuti? Ziba mpira wake kwa kidole gumba uangalie geji inapanda au haipandi, mara nyingi ni mpira wa mfuniko wa chupa umekaa upande, au chupa ilijaa na uchafu ukaingia kwenye pampu. Presha haishiki? Bana mpira sehemu kwa sehemu utafute unakovuja. Chujio za konsentreta zinaoshwa kila wiki kwa maji na sabuni, na lazima zikauke kabisa ndio zirudi. Hizo ni kazi za mwanafunzi, hazihitaji speya hata moja, na kila moja ni ukurasa wa logibuku.

Na hayo maboksi uliyopanga, yafungue. Soma kibandiko cha kila kifaa cha msaada kilicholetwa. Ukikuta kimeandikwa 120V 60Hz kimetoka Marekani au kwingine wanakotumia umeme mdogo, na sisi soketi ni 230, ukichomeka kinakufa hapohapo mbele yako. Nimezika vingi vya namna hiyo, vilivyouawa na plagi ya kubadilishia, maana ile plagi inabadilisha miguu tu, umeme haushushi. Andika kwa maka nyekundu USICHOMEKE BILA TRANSFOMA YA KUSHUSHA, ubandike. Utakuwa umeokoa mashine na hujafungua skrubu.

Ila usijifanye shujaa. Mashine ya kushtua moyo usiifungue peke yako hata kama imezimwa na imechomolewa, inatunza umeme ndani, nyingine hadi joule 360. Kifaa chochote kilichotoka wodini kisafishwe kwa dawa kabla hujakishika, vaa glavu, na kama hujachanja homa ya ini B kachanje wiki hii, waulize hapohapo hospitali.

*Nakusalimu baba. Mwanangu kamaliza fomu foo, Fizikia kapata C na Hisabati D, anapenda sana kufungua maredio. Jirani ameniambia asomee vifaa tiba ila mwingine akanitisha kwamba mafundi wa eksirei hawazai. Naomba unisaidie. (Mama, Dodoma)*

Salama mama. Mtoto anayefungua redio na kuirudisha ikaimba tayari ana nusu ya kazi. Kwa fomu foo njia ni diploma, miaka mitatu, ipo DIT pale Dar, Chuo cha Ufundi Arusha, na MUST Mbeya, masomo wanayoangalia ni ya sayansi na hesabu kwahiyo chukua kitabu cha mwongozo cha baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, cha mwaka huu uangalie sifa za kila chuo kabla hujalipia fomu. Akitaka digrii baadaye chuo kikuu cha afya, MUHAS, wana uhandisi wa vifaa tiba. Akimaliza digrii kuna bodi ya wahandisi, ERB, yenye mpango wa mafunzo kazini wa miaka mitatu unaoitwa SEAP, upo toka 2003.

Mionzi sasa. Eksirei inatoa mionzi pale tu kitufe kinapobonyezwa, ikizimwa ni chuma na waya, haina kitu kinachobaki kinavuja. Fundi anayeifanyia majaribio anakaa nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi au anavaa aproni, anavaa na beji inayopima mionzi aliyopata, na hizo mashine zinakaguliwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC. Nina watoto watatu mama. Hatari kubwa ya fundi wa eksirei ni umeme wa ndani ya mashine, na mtoto atafundishwa namna ya kuukwepa, wewe hakikisha tu asije akafungua chochote kabla ya kufundishwa.

*Habari ya huko. Niko na miaka 24, nilimaliza diploma ya uhandisi wa vifaa vya matibabu chuo cha KMTC hapa Kenya mwaka jana. Kampuni moja ya kuuza mashine iliniita intavyuu, mkubwa mmoja akaniuliza kama nitaweza kubeba mashine, na nikiolewa safari za usiku itakuwaje. Hawakunipigia tena. Sasa kuna hospitali inataka nije intaniship miezi sita bila malipo. Wazazi wanaona ni kupoteza wakati. Nishike gani? (Msichana, Kilifi)*

Dadangu pole. Nimekasirika kusoma hilo swali la ndoa na nataka ujue kwamba halikuwa swali halali, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakataza kumbagua mtu kwa jinsia hata kwenye kuajiri, na Katiba yenu ya 2010 inakataza kumbagua kwa jinsia au kwa ndoa. Na la kubeba nalo halina maana, hakuna fundi mwenye akili anabeba mashine ya ganzi mgongoni, tunatumia troli na watu wanne, mimi mwenyewe mgongo uliniuma miaka miwili kwa kujifanya naweza. Halafu kuna kitu wale hawakukiona. Mashine nyingi zinazokufa usiku ziko leba na wodi ya wazazi. Mimi nikiitwa leba inabidi nisimame mlangoni hadi wamfunike mama, dakika zinakwenda, fundi wa kike niliyefanya naye kazi alikuwa anaingia moja kwa moja, na mama mwenyewe anatulia. Ukipata intavyuu nyingine liseme hilo kabla hawajauliza.

Kuhusu bila malipo, hapa sitaki kukupamba maneno. Miezi sita kufanya kazi ya fundi kamili bila hata nauli ni mingi, na mwenye njaa hakazi skrubu vizuri. Rudi kwao useme uko tayari kwa miezi mitatu, omba barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, omba nauli na chakula cha mchana, na mwisho wake barua inayotaja mashine ulizozifanyia kazi kwa majina. Hospitali nyingi zinakubali nauli zikiombwa, watu hawaombi tu. Wakikataa vyote, hata barua, hapo wanatafuta mtu wa bure tu, tafuta kwingine.

Tofauti ya kampuni na hospitali ni hii. Kampuni itakufundisha mashine tatu nne kwa kina, unapelekwa mafunzo kiwandani, unazunguka kaunti, mshahara mara nyingi ni afadhali, ila mashine nyingine zote unazisahau. Hospitali inakufundisha mashine mia nusunusu na inakufundisha watu. Kwa mwaka wa kwanza mimi ningekuambia hospitali, kisha kampuni. Unakumbuka Kenya ilipokodi vifaa mwaka 2015, hospitali mbili kila kaunti, kaunti 47, matengenezo yakiwa ndani ya mkataba wa wauzaji? Vilikuja vifaa vizuri kabisa, na bado kuna sehemu vilikaa kwa kukosa umeme wa kutosha, maji, au mtu wa kuvitumia. Aliyeijua hospitali yenyewe, anayejua tangi la maji linaisha saa ngapi na jenereta inabeba nini, angeyasema hayo kabla lori halijashusha mzigo. Ujuzi huo unaupata kwa kukaa wodini, na wazazi wako waambie ndio unachokwenda kuchukua kwa hiyo miezi mitatu.

*Assalaam alaykum. Mimi nasoma uuguzi mwaka wa tatu na napenda sana kuchora, daftari zangu za anatomia wenzangu wote wanatoa kopi. Nimesikia kuna kazi ya kuchora vitu vya hospitali, ni kweli ipo au ni mambo ya Ulaya tu? Na fildi yake inafanywa wapi? (Msomaji, Unguja)*

Waalaykum salaam dada. Barua yako imenifurahisha kuliko zote za mwezi huu maana nimekuwa nikiitafuta mikono kama yako miaka yote.

Ipo, na ni taaluma kamili. Max Brödel, Mjerumani aliyehamia Baltimore, alianzisha idara ya kufundisha wachoraji wa tiba pale Johns Hopkins mwaka 1911 na mpaka leo wanasomesha. Chuo Kikuu cha Toronto wana shahada ya uzamili ya miaka miwili inayoitwa kabisa Biomedical Communications, humo kuna kuchora, katuni zinazotembea, na namna ya kumuelewesha mgonjwa. Wanaangalia sayansi uliyosoma pamoja na mkoba wa kazi zako, na wewe vyote unavianza hapo ulipo. Na usidhani ni ya wazungu. Mwaka 2021 mchoro wa Chidiebere Ibe wa Nigeria, mtoto mweusi tumboni kwa mama mweusi, ulizunguka dunia nzima, watu wazima wakakiri kwamba hawajawahi kuona mchoro wa namna ile kwenye kitabu chochote walichosomea. Alijifundisha mwenyewe.

Hilo la ngozi ni kazi inayokusubiri. Vitabu vyetu vinasema mtoto mwenye upungufu wa oksijeni anakuwa wa bluu, na muuguzi mpya anatafuta bluu kwenye shavu jeusi haioni. Chora ulimi, chora ndani ya midomo. Manjano ichore kwenye weupe wa jicho, kwenye ufizi, kwenye kiganja. Mchoro kama huo ukibandikwa wodi ya wachanga unafanya kazi saa ishirini na nne.

Sasa fildi yake. Tangazo lenye jina hilo huku hutalikuta, lazima uitengeneze. Wizara zina vitengo vya elimu ya afya kwa umma, mashirika yanayofanya miradi ya uzazi na malaria yanatoa mabango kila mara, na mengi yanapachika picha walizozikuta mtandaoni. Wapelekee michoro mitano, sio barua tupu. Programu za bure za kuchorea kwenye kompyuta zipo, Krita na Inkscape zinatosha kabisa kuanzia. Na kila mchoro mtafute daktari au nesi mzoefu aukague kabla haujatoka. Mgonjwa usimpige picha ya kuchorea bila ridhaa yake, hata kama uso hauonekani.

Na kabla ya kubandika jaribu kwa watu wenyewe. Mimi si mchoraji lakini baada ya ile habari ya konsentreta nilijaribu kuchora maelekezo ya sakshoni, chupa mbili, moja imejaa hadi juu nikaipiga X nyekundu, nyingine iko nusu nikaiwekea tiki. Wiki moja baadaye nakuta wamezikusanya chupa nzima tatu kwenye kona, hazitumiki. Mhudumu akaniambia, fundi si uliweka X, kama zile za kwenye nyumba zinazosubiri kubomolewa, tukajua hizi chupa zimekataliwa. Alikuwa sahihi kabisa kwa anavyoijua X. Nikafuta, nikachora mkono unamwaga chupa ikiwa nusu, nikawaita wahudumu watatu mmojammoja nikawauliza unaona nini hapa, bila kuwaambia neno. Wa tatu ndio alinionyesha kwamba mkono wangu unaonekana kama unakunywa. Nikachora tena.

Kwahiyo nakuomba kazi ya kwanza ya mkoba wako. Chora kuosha chujio la konsentreta, picha nne, kutoa, kuosha kwa sabuni, kuanika kivulini, kurudisha. Hiyo ya kuanika ndio ngumu, watu wanarudisha ikiwa bado mbichi na unyevu unaharibu zile chembe za ndani zinazochuja hewa, kwahiyo tafuta namna ya kuonyesha "imekauka kabisa" bila kuandika neno. Mtoto mgonjwa mwekee mashine nyingine pembeni wakati chujio linakauka, wauguzi watakuuliza hilo kwanza. Itume hapa kwa anwani ya gazeti, mimi nitaibandika kwetu, na yule kijana wa Morogoro namuomba achukue kopi moja aipeleke wodi ya watoto, awaulize manesi wanaona nini, na majibu yao ayaandike kwenye ile kaunta buku.